Wazimu: Ni wa Nasaba au wa Malimwengu?

Ndugu zetu wasomaji, somo letu la leo ni maradhi ya akili: je, mtu huyarithi kwa wazee wake, au huyapata kwa yanayomfika duniani? Tumelichagua kwa kuwa ziko posa zinazovunjwa kwa neno moja tu: "Ukoo ule una wazimu." Neno hilo yatupasa tulipime kwa ilimu, si kwa hofu.

Matabibu wamethibitisha kuwa urithi una sehemu yake. Chukueni skizofrenia, maradhi ambayo mwenye nayo husikia sauti zisizokuwapo. Katika watu wote humpata karibu mtu 1 katika 100; na mtoto ambaye mzazi wake mmoja anayo, hatari yake hufika karibu 1 katika 10. Basi katika watoto kumi wa namna hiyo, tisa husalimika! Tena wamewatazama pacha wa yai moja, ambao urithi wao ni mmoja. Akiugua mmoja, mara nyingi mwenziwe huwa mzima. Lau urithi pekee ndio sababu, wangaliugua wote wawili.

Yaliyobaki hutoka nje ya damu. Tazameni Garissa. Tangu 1991 kambi za Dadaab zimepokea watu waliokimbia vita vya Somalia, wengi wao wakiwa wamepoteza jamaa na mali. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kisha ukame wa 2020 hata 2023 ukawafilisi wafugaji. Ongezeni na mirungi, ambayo ikizidi huondoa usingizi na kumchochea aliye dhaifu. Urithi ni kama mbegu: huenda ikalala ardhini umri mzima, au ikanyeshewa na msiba ikaota.

Wako wasemao kuwa haya yote ni majini, wakamfunga mgonjwa minyororo uani. Nasi twauliza: sharia imemwondolea mwenda wazimu hesabu ya matendo yake, ni nani basi aliyeturuhusu sisi kumwadhibu? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya kutibu nafsi kama utibuvyo mwili. Dua na kisomo havipingani na dawa.

Basi mpelekeni mgonjwa kwa tabibu mapema, na minyororo ifunguliwe. Na katika posa, hali ielezwe kwa ukweli, wala pasivunjwe nyumba kwa uvumi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.