Diski ya Kompyuta Inapokufa



Katika somo hili tutazungumzia diski kuu, yaani kile kifaa kilichomo ndani ya kompyuta kinachohifadhi faili zetu zote. Asubuhi moja kompyuta ya ofisi ya madrasa ilikataa kufunguka, na ndani yake mlikuwa na alama za mitihani pamoja na darsa za marehemu mwalimu wetu tulizozirekodi. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja.

Ndani ya diski ya kawaida mna mabamba yanayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu yake bila kuyagusa. Kichwa kikigusa bamba hulikwaruza, na kilichoandikwa pale hupotea. Basi ukisikia diski inagonga "tak, tak", zima kompyuta papo hapo, na kama faili zake ni za thamani mpelekee fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo. Kila ukiiwasha kujaribu bahati unazidisha madhara. (Sisi tuliiwasha mara nne kabla ya kutanabahi!) Diski za SSD hazina kinachozunguka, hivyo hizo hufa kimya kimya.

Baada ya kuzima, chomoa umeme, fungua kasha na ukague waya mbili za diski, ya umeme na ya data. Huenda ni waya tu iliyolegea. Diski yenyewe usiifungue, maana chembe ya vumbi yatosha kuiharibu. Wala usiitie kwenye friji kama wanavyoshauriana watu, unyevu utaimaliza.

Diski yetu haikuwa ikigonga, bali ilisoma kwa kusuasua. Kwa kompyuta nyingine tulitengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure wa jamii ya Linux, ambao huendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe bila kuhitaji diski. Tuliepuka programu za kurekebisha diski kama CHKDSK, kwa kuwa huandika juu ya diski ambayo tayari ni mgonjwa. Kazi yetu ilikuwa kusoma tu: darsa kwanza, kisha alama, vyote tukavinakili kwenye diski ya nje. Faili zilizokwama tuliziruka na kuzirudia mwishoni, kwani ukishikilia moja mbovu, diski yaweza kufa kabla hujazifikia nzima.

Kuweka diski mpya ilikuwa kazi ya nusu saa. Kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yetu ni kongwe mno kwa Windows 11, tuliweka Ubuntu moja kwa moja.

Alama zilirudi zote. Darsa mbili za mwisho za Suratul Kahf hazikusomeka. Mwanafunzi yeyote aliyezirekodi kwa simu siku zile, tunamwomba alete simu yake ofisini.

Wabillahi tawfiq.