Mishiri Iliyopinda: Niliyojifunza Katika Benki ya Chakula

Kwa miaka mitatu nilijitolea katika benki ya chakula jijini Nairobi, tukichukua chakula kilichokuwa kitupwe na kukipeleka kwa wenye njaa. Nilipiga simu, nikapanda lori, nikabeba kreti.

1. Kukataliwa si kuoza. Alfajiri ya kwanza tulifika kwenye ghala linalopakia mboga za kwenda Ulaya, nami nimejiandaa kwa uvundo. Nikakuta mishiri, yaani French beans, iliyochumwa jana, ukiikunja inavunjika kwa mlio. Wenyewe waliiita rijekti. Kosa lake? Imepinda.

2. Lori ndilo benki yenyewe. Siku moja radieta ilivuja njiani. Tulipofika jioni, nusu ya mzigo ilikuwa imeanza utelezi, tukaimwaga. Tangu hapo nilimwelewa John van Hengel, aliyeanzisha benki ya kwanza ya chakula duniani mwaka 1967 huko Phoenix, Arizona: alianzia kwenye jengo la mkate lililoachwa, alilopewa na parokia, si kwenye hotuba. Wazo la kuiita benki alilipata kwa mama aliyelisha wanawe kwa kuokota mapipani mwa duka. Nalipenda jambo hilo. Mwenye njaa ndiye aliyebuni.

3. Mwulize mpishi kwanza. Katika makao ya watoto, mpishi alifunua kreti akaniuliza, "Mwanangu, nyasi hizi ni za ng'ombe gani?" Hakuwahi kupika mishiri. Juma lililofuata alikuwa ameikatakata ndani ya githeri, sufuria limekwanguliwa. "Ukirudi," akasema, "kumbuka vitunguu."

4. Mtoaji naye ana hofu. Meneja mmoja wa kiwanda alikuwa akimwaga maziwa lala yaliyobakiza siku chache kabla ya muda wake kuisha. Mimi nilishamhukumu kuwa bahili. Kumbe alikuwa na swali: "Mtoto akiumwa tumbo, kortini nitasimama na nani?" Marekani ina sheria inayomkinga mtoaji wa nia njema tangu 1996. Ufaransa, mwaka 2016, ilikataza maduka makubwa kuharibu chakula kinacholika. Mimi nilikuwa na makubaliano ya kurasa mbili na sanduku la barafu. Alitia sahihi baada ya miezi mitano.

5. Jibu simu. Meneja yule alinipigia Jumamosi saa moja usiku, maziwa yamebakiza siku nne. Shukrani nikaziweka kando, nikamwuliza katoni ni ngapi, na lango la nyuma hufungwa saa ngapi.