Jibu la Kipimo cha Jeni Katika Amiloidosisi: Maswali Yanayoulizwa Sana

Amiloidosisi ni ugonjwa adimu. Protini fulani hujikunja vibaya, zikashikana na kuwa nyuzi zinazorundikana moyoni, kwenye figo au kwenye neva. Mgonjwa huweza kuvimba miguu, kuishiwa pumzi akipanda mlima, kufa ganzi mikono yote miwili au kukojoa mkojo wenye povu. Mkazi wa Nyacheki nchini Kenya aliyepewa rufaa hadi Kisii au Nairobi anaweza kurudi na karatasi iliyojaa herufi na namba. Isomwe hivi.

Kwa nini aina ya ugonjwa ijulikane?
Kwa sababu kila aina, iwe AL, AA au ATTR, ina tiba yake. AL hutokana na seli za uboho wa mifupa. Matibabu yake yakichelewa, maisha huwa hatarini. AA hufuata maradhi ya muda mrefu kama kifua kikuu au baridi yabisi. ATTR hutokana na transthairetini, protini inayotengenezwa zaidi na ini. Aina hii ya ATTR ina sura mbili, ya kurithi na ya uzeeni, na kipimo cha jeni ndicho huzitenganisha.

Karatasi yangu imeandikwa "TTR p.Val142Ile". Ni nini?
TTR ni jeni ya transthairetini. Maandishi yanayofuata yanaonyesha sehemu ya protini iliyobadilika. Ukiona V122I kwenye karatasi nyingine, usishtuke: ni badiliko lilelile, ila zamani lilihesabiwa kwa namna tofauti. Asili yake ni Afrika Magharibi, na Wamarekani weusi wapatao asilimia 3 hadi 4 wanalo. Hulenga hasa moyo, mara nyingi baada ya miaka 60.

Nikiwa nalo, basi mimi ni mgonjwa?
La. Wapo wengi walio nalo ambao hawaugui. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa kipande cha nyama ya mwili kilichotiwa rangi ya Congo red, au kwa skani maalumu ya moyo pamoja na vipimo vya damu na mkojo vya kutafuta AL. Vipimo hivyo visirukwe: mtu aweza kurithi badiliko la TTR na bado awe anaugua AL.

Na jibu likiwa hasi?
Maana yake ni kwamba jeni zilizopimwa hazikuonyesha badiliko. AL, AA ya kawaida na ATTR ya uzeeni hutoa jibu hilohilo. Uchunguzi uendelee.

"Badiliko lisilojulikana maana" je?
Lisitumiwe kuamua tiba wala kupima jamaa. Omba litazamwe upya baadaye, kwani maarifa huongezeka.

Watoto na ndugu zangu?
Mzazi mwenye badiliko la TTR humrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa asilimia 50. Maradhi haya huanza ukubwani, kwa hiyo kwa kawaida watoto hawapimwi. Mtu mzima apate ushauri nasaha kwanza, kisha aamue mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Zisisambazwe bila idhini.

Nimuulize daktari nini?
Je, AL imeshatafutwa? Ni jeni zipi zilizopimwa? Nani katika familia ajulishwe? Tena, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inalipia sehemu gani? Omba nakala ya ripoti na uende nayo kila kliniki.