Kaa Kwanza, Uhesabu (Lk 14:28)



Siku moja nilitoka Madibira kwenda Mafinga kwa pikipiki, kuwahi mazishi ya rafiki. Barabara changarawe tupu, vijiji mbalimbali. Nilijaza tenki, nikasali, nikaondoka. Pancha ikanikuta porini; sina pampu, sina tyubu ya akiba. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Kusali nilisali. Kujiandaa sikujiandaa.

Yesu anamtaka mjenzi wa mnara akae kwanza, ahesabu gharama. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiita busara fadhila. Kwa hiyo kujiandaa si kukosa imani. Ni sehemu yake.

Tafakari: ndoa, utawa, hata kuacha pombe. Umeahidi nini bila kuhesabu? Leo usiku kaa, andika, halafu sali.