Mimba iliyotunga nje ya kizazi: mshono umepona, na moyo je?



Mara kwa mara tunawapokea wodini akina mama waliofikishwa wakiwa hoi. Tumbo la chini linauma upande mmoja, ncha ya bega inauma, macho yamekuwa meupe, wengine wamekwisha kuzimia. Wapo ambao hata hawakujua kwamba ni wajawazito. Wanapelekwa haraka chumba cha upasuaji, wanaongezewa damu, na baada ya siku chache wanarudi nyumbani. Sisi wauguzi tunawaaga kwa furaha, maana wameokoka. Lakini huko nyumbani kunaanza kazi ya pili, na mama wengi wanaachiwa kuifanya peke yao. Leo tuzungumze juu ya kazi hiyo.

NINI KILITOKEA?

Yai la mama hukutana na mbegu ya baba ndani ya mrija wa uzazi, kisha husafiri mpaka kwenye kizazi na kujishikiza humo. Katika kila mimba 100, moja au mbili hivi hujishikiza nje ya kizazi, na nyingi kati ya hizo hubaki ndani ya mrija. Mrija ni mwembamba, hautanuki kama kizazi. Mimba ikikua, mrija hupasuka na damu humwagika tumboni. Hakuna daktari anayeweza kuihamisha mimba hiyo na kuipandikiza kwenye kizazi.

Hivyo tuseme wazi: mama huyu hakutoa mimba. Hakurogwa. Hakuadhibiwa kwa sababu alibeba mzigo au aligombana na mtu. Wengine wana makovu kwenye mirija yaliyoletwa na kisonono, klamidia au upasuaji wa zamani, lakini wengi hawaonekani kuwa na sababu yoyote.

MWILI UPATE NAFASI YA KUPONA

1. Aliyepasuliwa tumbo apumzike kazi nzito kwa wiki sita hivi. Asichote maji kwa ndoo, asibebe kuni, asitwange, asilime. Kulala tu mchana kutwa nako si kuzuri. Atembee taratibu kila siku ili damu isigande miguuni.

2. Mshono uwe safi na mkavu. Asipake majivu, mafuta wala dawa ya majani.

3. Amepoteza damu nyingi, basi ale mchicha, kisamvu, maharage, dagaa, na maini yakipatikana. Amalize vidonge vya kuongeza damu alivyopewa, hata akijisikia ana nguvu. Chai asinywe pamoja na chakula wala vidonge hivyo, kwa sababu huvipunguzia kazi.

4. Damu kidogo ukeni kwa wiki moja au mbili ni ya kawaida. Hedhi hurudi baada ya wiki nne hadi sita hivi. Mume na mke wasubiri mpaka damu iishe na maumivu yaishe.

5. Arudi hospitali mara moja akipata homa, usaha kwenye mshono, maumivu makali ya tumbo, damu nyingi, kizunguzungu cha kuanguka, au mguu mmoja ukivimba na kuuma.

MOYO NAO UNA KIDONDA

Akina mama wanaporudi kliniki tunawauliza kuhusu mshono, nao wanajibu kwamba umepona. Tukiwauliza kama wanalala usiku, machozi huanza kutiririka. Wanatuambia kwamba majirani hawakuja kutoa pole, kwa kuwa hapakuwa na kaburi wala matanga. Wamefiwa, lakini hakuna aliyewahesabu kuwa wafiwa. Tena wameponea chupuchupu, na hofu ya siku ile huwarudia kila tumbo linapochoma kidogo.

Mama, kulia si kukosa imani. Zungumza na mtu mmoja unayemwamini. Ukitaka mwanao aombewe, mwambie padre au jumuiya yako. Lakini huzuni ikikaa wiki nyingi bila kupungua, ukakosa usingizi na hamu ya kula, au ukafikiri ni afadhali ungekufa, usingoje. Njoo hospitali uelezee. Huo nao ni ugonjwa, na una matibabu.

Baba, nawe umefiwa, usijifanye chuma. Kaa karibu na mkeo. Mama mkwe na mawifi, maneno kama "utazaa mwingine tu" au "kizazi chake kibovu" huumiza kuliko kisu cha daktari. Semeni "pole", kisha mchukueni ndoo mkamchotee maji.

MIMBA IJAYO

Aliyeondolewa mrija mmoja si tasa. Mrija uliobaki, ukiwa mzima, unaweza kulipokea hata yai la upande wa pili. Zaidi ya nusu ya wanaotafuta mtoto tena hupata mimba ya kawaida ndani ya miaka miwili. Tunashauri mama apate kwanza hedhi mbili. Aliyetibiwa kwa sindano ya methotreksati asubiri walau miezi mitatu. Mwenye kundi la damu la Rh hasi aulize kama alichomwa sindano ya kuilinda mimba ijayo.

Kati ya akina mama kumi waliopatwa, mmoja hivi hupatwa tena. Kwa hiyo, siku zikipita tu bila hedhi, usingoje tumbo lionekane. Wahi hospitali, useme yaliyokupata, upimwe kwa altrasaundi kuona mimba imekaa wapi.

Basi, ndugu wasomaji, kama katika jumuiya yenu yuko mama aliyerudi hospitali bila mtoto, nendeni mkampe pole wiki hii. Bado hamjachelewa.