Ritifaa katika Majaribio ya Kibodi Mpya
Makala haya yanadai kwamba sentensi ya Kiswahili pekee haitoshi kuijaribu kibodi iliyoundwa kwa mkono. Alfabeti yetu haina Q wala X. Vitufe hivyo vyaweza kuwa vibovu visigunduliwe. Hivyo, kila kitufe kibonyezwe peke yake. Kikikataa kimoja, swichi isiyolehemiwa ichomolewe, pini iliyopinda inyooshwe, kisha irudishwe. Ikikataa safu nzima, kasoro huenda imo katika bodi ya saketi. Ritifaa nayo isipuuzwe. Bila ritifaa, “ng’oa” hugeuka “ngoa”, yaani wivu. Nasi wa Port Victoria, eneo bunge letu ni Budalang’i. Kibodi isiyoweza kuliandika jina hilo sawasawa haijakamilika, hata vitufe vingine vyote vikiitika.