Mada Moja, Majina Mengi: Kompyuta Inavyomsaidia Mkutubi



Ndugu msomaji, chukua vitabu vitatu. Kimoja kina neno "saumu" katika jina lake, cha pili "funga", cha tatu ni cha Kinyarwanda na kimeandika "igisibo". Vyote vinaeleza nguzo ileile. Lakini ikiwa maktaba imeingiza majina ya vitabu tu, mwanafunzi akitafuta "saumu" atapata kimoja. Viwili vipo rafuni, ila kwake ni kama havipo.

Kinyume chake pia hutokea. Mwislamu akiandika "zaka" anakusudia nguzo ya Uislamu. Mkristo huenda anakusudia fungu la kumi. Neno moja, maana mbili.

Namba ya rafu haitoshi

Mfumo wa Dewey, uliotolewa mwaka 1876, umeupa Uislamu namba 297. Namba humwonyesha mkutubi pa kukiweka kitabu. Lakini kitabu hukaa mahali pamoja tu, hali kinaweza kuzungumzia saumu na kisukari kwa pamoja. Ndiyo maana mkutubi hukiandikia pia mada zake.

Kufuata maana, si herufi

Teknolojia za kisemantiki huipa kila maana kitambulisho kimoja, kisha hufunga hapo majina yake ya lugha zote. Saumu, funga na igisibo huwa kitu kimoja. Zaka mbili hutenganishwa. Huonyesha pia uhusiano: saumu ni ibada, nayo inahusiana na Ramadhani. Kanuni ya kuandika orodha za namna hii, SKOS, ilipitishwa na W3C mwaka 2009.

Maktaba ya Taifa ya Finland imetengeneza Annif, programu huria inayotumia orodha hizo. Hujifunza kutokana na vitabu vilivyokwisha kuandikiwa mada, halafu ikipewa muhtasari wa kitabu kipya hupendekeza mada zake. Mkutubi ndiye anayekubali au kukataa.

Wajibu wetu

Mashine haitaijua "igisibo" mpaka mtu aifundishe. Mwaka 377 Hijria (987), Ibn al-Nadim wa Baghdad alipanga vitabu kwa elimu zake katika *al-Fihrist*, sehemu kumi, kwa kalamu tu. Sisi wa Kigali tuna Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu cha darasani. Tusipoandika majina haya, nani atayaandika?

Tuanze na nguzo tano. Chora jedwali: kila maana mstari wake, kila lugha safu yake. Neno lenye maana mbili liandikwe mara mbili. Kisha tumpelekee mkutubi wa chuo. Kitabu kisichopatikana hakimfai mtu, hata kikiwa na elimu kiasi gani.

Maswali ya kujadili

1. Taja neno jingine la dini lenye maana mbili katika Kiswahili.
2. Kwa nini uamuzi wa mwisho abaki nao mkutubi, si mashine?